Nimeahidi bati za kanisa, dada yangu anaomba zizi

Mama, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Dodoma, nyumbani ni Machame, Kilimanjaro. Kwetu tulizaliwa sita na mimi ndiye kitindamimba. Wewe umeolewa mlimani kule, unajua maana yake. Kaka yetu mkubwa alikatiwa kihamba chake, yaani shamba la ukoo la migomba, baba akiwa hai. Nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka ni vyangu, mama akishaondoka. Wa katikati walikwenda kujitafutia.

Mama alifariki Februari baada ya kulala na kiharusi miaka tisa. Aliyemuuguza ni dada yangu, wa tatu kuzaliwa, aliyerudi nyumbani na mtoto mmoja ndoa yake ilipovunjika. Sisi wengine tulituma hela. Mimi nilituma laki moja kila mwezi, sikuruka hata mmoja, na bili za hospitali nililipa mimi. Baada ya mazishi nilikuta daftari la dada alimokuwa akiandika saa za dawa na saa za kumgeuza mama kitandani. Nililirudisha mezani.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa kikao. Baba mdogo akasema kihamba ni cha kitindamimba kama ilivyo mila, na dada atakaa pale kwa hisani yangu. Hakuna aliyepinga. Dada mwenyewe alikuwa jikoni anapakua.

Kihamba ni kama ekari moja. Kwa juu kimepakana na barabara iliyotiwa lami, kwa chini kinateremka hadi korongoni. Huko juu ndiko iliko nyumba, jiko, na zizi la ng'ombe wa dada. Kuna mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi anataka kukodi hiyo sehemu ya barabarani kwa 150,000 kwa mwezi, na atalipa miaka mitano kwa mkupuo. Ni milioni tisa. Sharti lake ni kwamba zizi, jiko na migomba ya mbele viwe vimeondoka kabla ya Januari.

Sasa kuna jambo jingine. Mwezi wa tano tulikuwa na harambee ya kuezeka kanisa letu hapa Dodoma. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilisimama nikaahidi milioni tatu, watu wakapiga makofi, kwaya ikaimba. Kichwani nilikuwa nahesabu ile tisa. Mpaka leo nimetoa laki nne.

Dada alinipigia simu. Hakulia wala hakugomba. Alisema, "Mdogo wangu, mimi sitaki vyote. Niachie nyumba na zizi, huko chini chukua wewe." Ng'ombe wake ana mimba, anatarajia kuzaa Novemba. Nikamwambia nitamjengea chumba na banda kule chini karibu na korongo. Akasema sawa. Tangu siku hiyo nikipiga, simu anapokea mtoto wake.

Mke wangu anasema tuchukue hela, ada za Januari hizo zinakuja. Kaka anasema ukimpa mwanamke kihamba umekitoa nje ya ukoo. Mchungaji, ambaye sikumweleza yote, aliniambia nadhiri ni deni, akanipa Mhubiri sura ya 5 nikasome. Mimi si mchoyo, Mama, yeyote anayenijua atakuambia. Sasa nimwachie dada nivunje ahadi niliyomwahidi Mungu kwa ajili ya zizi la ng'ombe? Na nikikodisha, nitakuwa nimekosea wapi wakati ni haki yangu?

Kitindamimba, Dodoma

*

Mwanangu Kitindamimba,

Amen. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nilikwama palepale, kwenye daftari. Umelitaja kwa mstari mmoja ukalirudisha mezani, kama ulivyofanya siku ile. Mimi naomba tulifungue tena.

Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia, na vikishaingia ndani kupona ni kazi. Ndiyo maana manesi hufundisha ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Tuseme dada yako alichoka kama binadamu, usiku akaamka mara tatu tu. Miaka tisa ni usiku 3,285. Zidisha kwa tatu: karibu mara elfu kumi mwanamke huyo ametoka kwenye blanketi, kwenye baridi ya Machame unayoijua, akaingiza mikono chini ya mgongo wa mama yenu akamgeuza ubavu. Laki yako ya kila mwezi kwa miaka tisa ni milioni kumi na laki nane. Ni fedha nyingi, na kutoruka hata mwezi mmoja si jambo dogo. Nimeona wanaume wenye mishahara minono wakiruka mwaka mzima. Lakini ukiigawanya kwa zile mara elfu kumi, inakuja kama shilingi elfu moja na kidogo kila alipoamka. Na hiyo haikuwa mshahara wake. Ilikuwa ya uji, sabuni na dawa.

Sikuandikii hivi ili ujione mbaya. Nataka tutenganishe vitu viwili ulivyovitia kwenye kapu moja. Umeniuliza kuhusu ukarimu. Nyumba na zizi kwa dada yako havijafika kwenye ukarimu bado, hapo tuko kwenye deni. Baba mdogo alisema atakaa "kwa hisani yako," neno hilo likakupendeza, nawe ukaanza kujiona mfadhili unapomwahidi chumba korongoni. Mtu halipwi deni lake kwa hisani.

Tuje kwa nadhiri, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Mhubiri 5 kweli inasema ukiweka nadhiri uitimize. Mchungaji wako hakukosea, alijibu alichoulizwa. Lakini kuna mahali pengine ambapo angekupeleka kama ungemfungulia moyo wote, nako ni Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Hapo Yesu anawakabili watu wa dini waliokuwa na mpango mzuri sana. Mtu ana mali ambayo ingewasaidia baba na mama yake. Anaitangaza kuwa ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na tangu hapo wazazi hawana tena cha kudai. Sitaki kuamini walikuwa wanafiki wote. Yawezekana wengine walimpenda Mungu kwa dhati, wakasimama hekaluni mbele za watu, na watu wakafurahi. Yesu anawaambia wamelitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao.

Uliposimama mwezi wa tano ukaahidi milioni tatu, ulizitoa wapi? Zilikuwa kwenye kodi ya mahali penye jiko la dada yako. Nadhiri ni yako, mwanangu, lakini ng'ombe anayehamishwa ni wa dada. Yeftha katika Waamuzi 11 aliweka nadhiri kubwa mbele ya vita, na aliyeilipa ni binti yake. Sijawahi kusikia mtu akisimulia kisa hicho kama mfano wa imani ya kuigwa kwa namna ile.

Kwa hiyo ahadi ya bati ilipe, ila uilipe kutoka mfukoni mwako. Umetoa laki nne, zimebaki milioni mbili na laki sita. Nenda kwa mchungaji, safari hii mweleze yote, mpaka harambee na hesabu ya milioni tisa uliyokuwa nayo kichwani. Mwambie utalipa kidogo kidogo, hata ikichukua miaka mitatu, au umwombe kabisa ahadi ipunguzwe. Utaona aibu. Wazee wenzako watanong'ona kidogo, kisha watasahau, maana kila mmoja ana bahasha yake isiyojaa. Nimekaa kwenye kamati za jengo za kutosha kujua kwamba hakuna kanisa lililobaki bila paa kwa sababu mzee mmoja alisema ukweli kuhusu mfuko wake. Huko Korintho Paulo alipokuwa anachangisha kwa ajili ya Yerusalemu aliwaambia wazi kwamba toleo hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Ni 2 Wakorintho 8. Sura hiyo wahubiri wetu huisoma sana wakati wa harambee, ila mstari huo wa 12 huuruka.

Sasa hilo la "haki yangu."

Kwa mila uko sawa. Wa kwanza na wa mwisho ndio wenye kihamba, na mila hiyo haikuwa ya kijinga: kitindamimba alipewa nyumba ya wazazi kwa kuwa ndiye aliyebaki nao, akawalisha na kuwazika. Haki ilikuja na kazi yake. Kwenu kazi ilifanywa na mwingine, haki ikabaki kwako. Mzee yeyote wa ukoo anayejua mila hadi kwenye mizizi angekiona hicho, kama kikao kisingekuwa na haraka ya kula.

Na kwa sheria, mwambie kaka asiseme kwa sauti kubwa sana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki, kukaa au kutumia ardhi kihalali haina nguvu. Na kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza ilishaamua kesi ya shamba la ukoo la Wahaya, ambako mwanamke alirithi kwa wosia wa baba yake kisha akauza, ukoo ukapinga. Jaji Mwalusanya alisema mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya namna hiyo sawasawa na mwanamume. Sikutajii haya ili umwogope dada yako. Hakuna mahali uliposema ametaja mahakama. Nakutajia ili ujue kwamba ananyamaza akiwa na cha kusema.

Lakini hukuniandikia mimi kuuliza sheria, kuna mawakili Dodoma. Uliniuliza kama Mkristo. Basi soma Ruthu sura ya 4 usiku wa leo, peke yako, na ukiisoma uone kama si kikao cha kuanua matanga kwenu. Lango la Bethlehemu, wazee kumi wameketi, ardhi ya marehemu iko mezani. Kuna jamaa wa karibu mwenye haki ya kwanza. Anaambiwa kuna shamba, anasema nitalinunua mimi. Anaambiwa shamba linakuja pamoja na Ruthu, mjane Mmoabi ambaye inabidi kumwoa ili jina la marehemu lisimame, na ghafla anapiga hesabu. Anasema hawezi, asije akauharibu urithi wake mwenyewe. Anavua kiatu, anampa Boazi, jamaa anayemfuatia, na hatumsikii tena. Hakuvunja sheria yoyote. Hakumtukana mtu. Alilinda cha watoto wake kama mimi na wewe tungefanya. Ila mwandishi wa kitabu hiki, ambaye anatutajia majina mpaka ya watu waliokufa kabla hadithi haijakolea, jina la huyu hakuliandika. Kati ya wale wawili waliojadiliana pale langoni, aliyeogopa urithi wake usipotee ndiye aliyebaki bila jina.

Boazi naye tusimfanye malaika. Alikuwa na mali, na alimpenda yule binti, hilo linaonekana. Ukarimu mara nyingi huja na sababu zilizochanganyika na Mungu hutumia hivyo hivyo. Usingoje mpaka moyo wako uwe mweupe kama pamba ndipo utoe.

Deni nimekuambia ni nyumba na zizi. Ukarimu wako unaanzia pale deni linapoishia, na hapo ndipo sina amri ya kukupa. Katika Matendo 5 Petro alimwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata alipoliuza fedha zilikuwa mkononi mwake, hakuna aliyemlazimisha. Kosa lilikuwa kujifanya ametoa kile ambacho hakutoa. Wewe nawe uko huru. Ukitaka kubaki na kila kipande kilichobaki, baki nacho, na useme hivyo kwa mdomo wako, usiseme "bado naombea." Nimechoka na maombi ya namna hiyo.

Mimi mwenyewe nikuambie. Mama yangu alipofariki tulibaki mabinti watatu na cherehani moja, ile ya kukanyaga. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akishona. Mimi nilikuwa mwalimu, nina mshahara, lakini ndimi mkubwa, nikasema ni yangu. Wakanipa. Ipo pale sebuleni mpaka leo, nimeitandika kitambaa, juu nimeweka picha. Sijawahi kushona hata kishikizo. Mdogo wangu akija kunitembelea hukaa kiti cha upande ule mwingine.

Kama ni mimi ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Kwanza ningekaa na mke wangu, tena kabla ya kumpigia dada. Ukimpa dada kwa siri kutoka kwenye sahani ya mama watoto, umefanya ukarimu kwa mkono wa mtu mwingine, yaleyale ya Korbani. Na ana hoja: ada ni ada. Mwonyeshe daftari, kama dada atakubali kulitoa. Nina hakika mkeo hajaliona. Wanawake tukiona maandishi ya saa tisa usiku hatuhitaji mahubiri.

Kisha ningempa dada achague mpaka upite wapi. Abramu alikuwa mkubwa na mwenye haki, akamwambia Lutu uchague wewe kwanza, nami nitachukua kitakachobaki. Usiogope sana, dada yako si Lutu, ameshakuambia hataki vyote. Pengine atakuachia kipande cha barabarani pembeni ya migomba, cha kutosha fremu mbili badala ya duka zima. Fremu mbili ni kodi ndogo, ila ni kodi, na ada zitapata pa kushikia. Pengine hatakuachia. Mfanyabiashara akikataa, aende. Barabara ni ndefu.

Halafu muandike. Hapa nakuwa mkali, maana ndugu wema wengi wanatoa kwa maneno, wanakufa, na watoto wao wanakuja kumfukuza shangazi. Umekaa kimya kuhusu mirathi. Kama haijafunguliwa, ifunguliwe, apatikane msimamizi, na mgawanyo uingie humo. Muhtasari wa kikao cha ukoo uandikwe upya na kusainiwa, kisha mwende serikali ya kijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, kipande chake kwa jina lake, chako kwa jina lako. Makaburi na njia ya kuyafikia viwe vya wote. Kama mfongo wa maji unapita kwake kuja kwako, nao uandikeni.

Kaka atasema umekitoa kihamba nje ya ukoo. Mwambie kimebaki kwa binti wa baba yenu. Akikasirika, akasirike, hiyo nayo ni sehemu ya gharama, na ni nzito kuliko milioni tisa, sikufichi. Kuna Krismasi utakwenda nyumbani na kaka asikuite kula kiburu kwake.

Kitu kimoja usikifanye: usimpe huku unasubiri Mungu akurudishie mara mia. Najua mafundisho hayo yamejaa, panda mbegu uvune gari. Luka 6 inasema tukopeshe pasipo kutumaini kupata kitu. Inawezekana ukatoa na mwaka unaofuata ukawa mgumu, ada ikachelewa, bati likabaki deni, na usione muujiza wowote. Bado itakuwa imefanyika sawa.

Mimi si Mchagga wa kuzaliwa, lakini miaka 41 ya mtori inanipa ruhusa ya kusema hili. Kwenye mipaka ya kihamba chenu nina hakika kuna mstari wa masale. Wewe tangu utotoni unajua jani lile lina kazi mbili. Likiwa ardhini linasema hapa ni kwangu na pale ni kwako. Likikatwa na kuletwa mkononi kuomba msamaha, aliyeletewa hana budi kusikiliza. Ukipanda basi Desemba, kata moja kabla hujafika mlangoni. Na usianze na hati wala mipaka. Ng'ombe atakuwa ameshazaa. Muulize dada yako ndama amempa jina gani.

Niandikie Januari.